Ndimu za Mzazi

Mlima ulianza kumwagika juu ya kichwa cha Asheri yapata saa tano asubuhi, na mtu pekee aliyeuona ukimwagika alikuwa mama mkwe wake, ambaye kwa mila hakuruhusiwa kumwita.

Haukumwagika wote, bila shaka. Ulikuwa ukanda mmoja wa changarawe nyeupe juu ya njia, katika ubavu mkavu wa Mlima Kwenyaza. Zilianza kuteremka punje chache, kisha vijiwe vya ukubwa wa korosho, kisha vya ukubwa wa ngumi. Yudith alikuwa nyuma hatua ishirini, kama inavyompasa mwanamke mwenye heshima zake anayesafiri na mume wa bintiye. Katikati yao alikuwa punda.

Mwanamke mwingine yeyote angepiga ukelele. Lakini Yudith na Asheri wote wawili walikuwa watu wa milima ya Usambara, na walivyolelewa wao, mama mkwe hamtaji mkwewe kwa jina, hali chakula mbele yake, wala hasemi naye uso kwa uso. Wakikutana kwenye kijia chembamba, mmoja huingia kichakani. Kukiwa na la kusema, hupitishwa kwa mtu wa tatu. Na kwa kuwa mlimani hapakuwa na mtu wa tatu, tangu alfajiri maneno yao yote yalikuwa yakipita kwa punda, aliyeitwa Karani kwa sababu alisikiliza shida za kila mtu na hakuwahi kumjibu hata mmoja.

"Karani," Yudith alisema kwa sauti ya adabu, "mwambie baba huyo mlima unamwagika."

Karani hakumwambia. Na Asheri, aliyezoea kusubiri kidogo kabla ya kuyapokea maneno ya punda ili asionekane ameyadaka kinywani mwa mkwewe, alisubiri kidogo. Changarawe ikamfika magotini, ikamwangusha kifudifudi na kumbeba. Aliteremka nayo hatua sitini au zaidi, akitafuta cha kushika na kukuta kila anachokishika nacho kinateremka, mpaka shina la mnyaa likamzuia ubavuni na mguu wake wa kulia ukabaki umepinda chini yake.

Karani aliruka nje ya njia, akapanda ukingo wa mawe kwa wepesi ambao hakuwahi kuuonyesha siku za kazi, akatokomea upande wa pili. Mgongoni mwake yalikuwa madebe mawili ya maji, blanketi, jembe dogo na sanduku la kazi la Asheri. Shukrani ya punda ni mateke, na safari hii hakuwapa hata hayo.

Vumbi lilipotulia, njia haikuwepo tena, si mbele wala nyuma.

Kosa lilikuwa la Asheri, na alilijua akiwa bado amelala pale. Alikuwa msaidizi wa wapima udongo, mtu wa miaka thelathini, na kwa miezi minne ya mwaka ule wa 1954 alikuwa amechimba mashimo mia moja na kumi na manne katika upande wa magharibi wa Kwenyaza. Uweso, mwenye duka la mwisho barabarani pale lori lilipowashusha, alimsihi azunguke mlima kwa chini, mwendo wa siku tatu kwa mwanamke mtu mzima. Mwenda pole hajikwai, alisema, akawafungia sukari. Asheri alijibu kwamba mlima ule anaujua kama mfuko wa suruali yake, na kwamba kwa juu ni siku moja na nusu tu. Alikuwa na sababu ya kuharakisha. Upande wa pili, kambini, mkewe Ruthi alikuwa anakaribia kujifungua. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amefia tumboni mwaka uliopita, katika mikono ya watu wasiojua, na Ruthi mwenyewe nusura amfuate. Safari hii alikuwa amesisitiza neno moja: nileteeni mama. Yudith alikuwa mkunga aliyejulikana kuanzia Maramba hadi Daluni. Kambini alibaki mpishi mzee Methusela, ambaye katika maisha yake alikuwa amezalisha mbuzi.

Kwa hiyo kila saa iliyopotea mlimani ilikuwa saa ya Ruthi, na wote wawili walijua hivyo bila kuambizana.

Yudith aliteremka kumfuata. Kusimama haikuwezekana, kwa kuwa kila alipoweka unyayo changarawe ilikwenda nao, basi alifunga khanga yake vizuri, akapakata kikapu chake, akakaa chini na kuserereka kwa makalio. Asheri alipoona mama mkwe anakuja namna ile alifumba macho kwa heshima, akayafumba zaidi kwa kuogopa kucheka.

Alipomfikia alisimama akampa mgongo. Punda hakuwepo. Mwisho Yudith aliligeukia jabali lililokuwa karibu.

"Jiwe," alisema, "mwulize baba huyo kama mguu umevunjika."

Asheri akaliarifu jiwe kwamba hadhani umevunjika, ila umeteguka na unajaa. Yudith alisikiliza, akaguna, akageuka, akapiga magoti na kuushika mguu. Asheri aliuvuta kwa haya.

"Tulia," alisema Yudith, akiwa bado anatazama pembeni. "Nimeshika watoto wa watu mia mbili na zaidi, na mama zao, na waume zao waliozimia mlangoni. Mguu ni mguu."

Aliuvuta, ukalia, na Asheri akaona nyota saa sita mchana. Kisha akaufunga kwa kipande cha khanga na vijiti viwili, akamkatia gongo. Ndani ya kikapu alikuwa na chupa moja ya maji, unga wa mtama, sukari ya Uweso, pilipili manga na ndimu tisa. Vyote isipokuwa maji vilikuwa vya uji wa mzazi. Waligawana nusu ya maji, kila mmoja akinywa amempa mwenzake kisogo.

Kupanda kulishindikana. Walijaribu mara tatu, na kila hatua moja ya kwenda juu ilirudi hatua mbili chini, huku mlima ukitia mawe viatuni. Ikabaki kuteremka upande wa mashariki, ambao Asheri hakuwahi kuchimba hata shimo moja. Aliteremka ameketi, mguu mbovu akiuinua, na Yudith akiserereka pembeni mwa kichaka kingine ili wasitazamane. Kwa namna hiyo, watu wawili wenye adabu zao waliteremka robo ya mlima kwa makalio.

Ubavu ule ulikuwa mkali na mweupe. Mawe ya chokaa yalichomoza kila mahali, yenye makali na matundu, na kati yake udongo ulikuwa kiganja kimoja tu, wa kijivu, uliojaa vijiwe. Palimea mkonge pori, minyaa na vichaka vya miiba, na jua lilipopiga juu weupe ulirudi machoni toka chini. Hapakuwa na kidimbwi wala tope. Walilala jioni chini ya jabali lililokuwa bado na joto, na kulipokucha wakamaliza maji yaliyobaki.

Kufika saa nne ulimi wa Asheri ulikuwa mzito na mguu umejaa hadi gotini. Walikuwa wamefika kwenye ukingo, na chini yao mlima uligawanyika makorongo mawili. La kulia lilikwenda moja kwa moja tambarare, na mbali sana ilionekana mbuga ya kahawia isiyo na moshi wala mti wa kijani. La kushoto lilipinda na kupotea nyuma ya bega la mlima. Yudith, ambaye pwani alikuwa amekaa miaka mingi kabla ya kuhamia shambani na marehemu mumewe, alitaka wachimbe hapohapo. Kule Moa, alieleza, ukichimba kwenye mawe meupe huendi pima mbili kabla ya kupata maji.

Asheri alitikisa kichwa. Kwa kuwa hapakuwa na punda, na jiwe la jana walikuwa wameliacha mbali, alieleza akitazama korongo. Mawe ya pwani yamekalia bahari, ndiyo maana maji hayapotei. Haya yamekalia hewa. Mvua ikinyesha huku hupita ndani yake kama maji kwenye ungo, huenda chini mpaka yakute udongo mzito usio na chokaa, na hapo hayana pa kwenda, hutoka nje. Katika mashimo yake ya upande wa magharibi aliona hivyo mara nne: palipoisha chokaa, udongo wa chini ulikuwa na unyevu hata mwezi wa nane. Wakiupata mstari huo, wataufuata kando kando mpaka maji.

"Basi autazame huo mstari," Yudith aliliambia korongo. "Si ndiyo kazi yake?"

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Changarawe nyeupe ya juu ilikuwa imeteremka na kufunika kila kitu hadi chini, na kwa macho mlima wote ulikuwa wa rangi moja. Ilibidi kufukua, kuchukua udongo wa ndani na kuujaribu. Kazini aliudondoshea dawa kali ya kwenye chupa. Udongo wa chokaa huchemka ukiguswa na dawa ile, usio wa chokaa hukaa kimya. Lakini chupa ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa mgongoni mwa Karani.

Alikitazama kikapu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba posa mara ya pili, kwamba kitu chochote kikali kingefaa. Hata ndimu.

Yudith akakikumbatia kikapu.

"Hizi ni ndimu za mzazi," alisema, na safari hii hakuliambia korongo wala jiwe. "Ruthi aliandika barua, akataja vitu viwili. Mama na ndimu. Nimezibeba toka Maramba. Sijanyonya hata moja, na ulimi wangu umekauka kama wako. Sasa nizimimine kwenye udongo?"

"Mama," alisema Asheri, "tusipofika, atakunywa uji na nani?"

Yudith alitazama mbuga kwa muda, na Asheri akaona midomo yake iliyopasuka ikitikisika, akajua mama huyu anaogopa, na kwamba anachokiogopa si kiu. Naye alikuwa anaogopa kitu hichohicho. Ilimpa nafuu ya ajabu kujua kwamba wanaogopa pamoja. Yudith akatoa ndimu moja, akaipima kiganjani, akaikata kwa kisu cha ukunga.

Walifukua kwa mikono na gongo, chini ya changarawe, kina cha mkono hadi kwenye kiwiko. Asheri alisaga donge la udongo, akalikamulia matone. Kwa dawa ya kazini ungeona povu, lakini ndimu ni mpole, na kwenye jua lile hapakuonekana kitu. Aliuweka udongo sikioni. Masikio yake yalikuwa yakivuma kwa homa ya mguu, hakusikia lolote.

"Lete," alisema Yudith. Sikio lililozoea kutafuta moyo wa mtoto tumboni halikupata shida. Aliinamisha kichwa, akafumba macho. "Unasema. Kama mafuta kikaangoni, lakini mbali."

Ilikuwa chokaa bado. Waligawana ganda la ile ndimu, wakalitafuna, na wakaserereka tena chini kidogo upande wa korongo la kushoto.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi mchana ule. Asheri alisoma mteremko, akaonyesha pa kufukua. Yudith alifukua, akakamua, akasikiliza. Ndimu ya pili ilisema, na ya tatu. Mara mbili Yudith alitaka kuacha, na mara moja Asheri alitaka, lakini hawakutaka kwa wakati mmoja. Katikati ya kiu ile Asheri alijikuta ana furaha ndogo asiyoielewa. Kwa miezi minne alikuwa amefanya kazi hii akimwandikia mtu mwingine namba. Hakuwahi kuwa na mwenzake aliyesikiliza udongo kwa moyo wote namna ile.

Walikuwa wamefika chini ya mwamba mrefu wa chokaa, Asheri akiwa mbele ameinama, anatafuta pa kufukua pa nne. Yudith alikuwa nyuma yake, juu kidogo, anakata ndimu. Akasikia mchakacho wa kijiwe kimoja. Akainua macho, akaona kingine, kisha jabali la ukubwa wa jiko likijitikisa kwenye kitanda chake cha changarawe, juu kabisa ya kichwa cha mkwewe.

"Asheri!" alipiga kelele. "Kushoto! Jitupe kushoto!"

Asheri hakusubiri safari hii. Alijitupa, akajiviringisha mguu mbovu na wote, na jabali likapita alipokuwa, likalima mteremko na kuendelea chini kwa kishindo kilichorudi mara tatu kutoka upande wa pili wa korongo.

Yudith alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na kisu kimemponyoka. Alikuwa amemtaja mkwewe kwa jina, mbele ya mlima mzima. Asheri aliketi, akajipapasa kichwa, akakikuta mahali pake.

"Naam, mama," alijibu.

Yudith alicheka kwanza, na kicheko kikageuka kilio, kisha kikawa kicheko tena. Asheri naye hakuweza kujizuia. Walicheka bila sauti, kwa kuwa koo zilikuwa kavu, wakishika mbavu, wakitazamana usoni kwa mara ya kwanza tangu arusi.

Jabali lilikuwa limeacha mfereji mrefu kwenye changarawe, na chini ya mfereji ulionekana udongo wa rangi ya kahawia iliyoiva. Yudith aliteremka mwenyewe bila kuelekezwa. Alichota, akakamua, akaweka sikioni. Alikaa hivyo kwa muda mrefu hata Asheri akadhani amesinzia.

"Kimya," alisema. "Hausemi kitu."

Asheri aliufinya udongo ule kati ya vidole. Ulinata, ukatengeneza utepe usiokatika. Alizamisha mkono ndani zaidi na kuutoa na tope. Hawakuweza kunywa tope, ingawa Yudith alilipaka kwenye midomo, lakini mstari walikuwa wameupata. Waliufuata kuelekea kushoto, ng'ambo ya bega la mlima, Yudith amemshika Asheri kiunoni na mkono wa Asheri umezunguka mabega yake, wala hakuna aliyelitaja jambo hilo. Kila walipotilia shaka walifukua. Baada ya hatua mia mbili majani yalianza. Baada ya mia tatu ulisimama mkuyu, mti usiokaa mbali na maji, na chini ya mizizi yake, kutoka kwenye ufa kati ya jiwe jeupe na udongo wa kahawia, maji yalikuwa yakichuruzika ndani ya kidimbwi cha ukubwa wa sinia.

Kando ya kidimbwi alisimama Karani, ameshiba, mdomo unadondoka maji. Debe moja lilikuwa limepotea. La pili lilikuwa bado limefungwa mgongoni mwake, limejaa hadi shingoni.

"Karani," alisema Yudith baada ya kunywa, na kupumzika, na kunywa tena, "mwulize Karani alikuja huku kwa ndimu ngapi."

Waliondoka jua likiwa bado juu, Asheri juu ya punda na Yudith akitembea mbele, kwa kuwa sasa hakuwa na subira ya kutembea nyuma ya mtu. Walilala chini ya mlima na kuingia kambini siku ya tatu asubuhi, ndiyo ileile siku ambayo wangefika kama wangemsikiliza Uweso. Methusela alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya maji ya moto, uso umesawijika, akiwaeleza kabla hawajauliza kwamba Ruthi ameanza uchungu tangu usiku na kwamba yeye amesugua kisu mara tatu lakini hajui kinachofuata. Yudith alimpokonya kisu, akamkabidhi kikapu, akamwamuru apike uji mwepesi, akaingia na kufunga mlango.

Asheri aliketishwa nje kwenye sanduku, mguu umewekwa juu ya gunia la udongo wa shimo la mia moja na kumi na nne. Karani alifungwa chini ya dirisha. Asheri alimsikia Ruthi akilia, akamsikia Yudith akisema naye kwa sauti ileile ya kwenye korongo, kimya kidogo, na tena. Mara kimya kikawa kirefu. Alijua sasa mama mkwe ameinamisha kichwa, amefumba macho, anasikiliza. Asheri alishika ukingo wa sanduku na kuomba Mungu kwa Kishambaa, lugha aliyoombea utotoni.

Jua lilipofika juu ya paa, mtoto alilia. Alilia kwa hasira na kwa nguvu, na Methusela akaangusha mwiko ndani ya uji.

Ilipita nusu saa. Kisha pazia la dirisha likasogea, na sauti ya adabu kubwa, yenye kusikika kambi nzima, ikatoka.

"Karani, mwambie baba huyo ana binti. Mwambie mama yake ni mzima, anakunywa uji, na ndimu zimetosha."

Asheri alifuta uso kwa mkono wa shati. Alimtazama punda, akasafisha koo.

"Karani, mwambie mama nashukuru."

Karani aliendelea kutafuna. Methusela, aliyefurahi kuona mambo yanakwenda kwa heshima kama inavyotakiwa, alirudi jikoni kuokoa uji wake. Pazia halikurudi mahali pake. Sauti ikaja tena, ndogo sana, ya mtu anayesema na mwingine katika chumba kimoja.

"Asheri. Uupumzishe huo mguu."

"Naam, mama," alisema Asheri, kwa sauti ndogo vilevile.